Kadi kwanza, bati baadaye: shajara ya kutoka kwenye madeni

Ijumaa, 5 Januari 2024

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Watoto wamelala, nimechukua daftari la kurasa 48 la mmoja wao nikaandika kila ninachodaiwa. Kwa miezi saba nimekuwa nikiyabeba haya kichwani, na kichwani yalikuwa yakibadilika kila siku: leo ni mengi, kesho si mengi sana. Kwenye karatasi hayabadiliki.

Benki: 260,000 kila mwezi, imebaki miezi 31. Huu ni mkopo wa mtumishi, nilichukua kujenga nyumba yetu Pongwe, hapa Tanga. Unakatwa kabla mshahara haujafika.

Kausha damu, mkopo wa mtaani wa riba kubwa: 600,000. Riba 150,000 kila mwezi.

Kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa: 720,000, nilizonunulia mbao za paa.

Mwalimu mwenzangu: 400,000, za bati.

Duka la hapa mtaani: 96,000.

Mkopo wa laini ya simu: 85,000. Mkopo wa programu niliyopakua kwenye simu: 112,000.

Ukiacha benki, jumla ni 2,013,000. Nimejumlisha mara tatu.

Ukiangalia orodha utaona karibu yote yamezaliwa na jambo moja: paa. Nyumba ilifika kwenye lenta nikaogopa masika yataila. Nikakopa huku na huku, nikanunua bati 42 kwa 27,000 moja. Fundi akaja, akapima, akasema mbao hazitoshi. Pesa ya kuongeza mbao ikawa inakwenda kulipa riba. Bati zimesimama sebuleni kwetu Makorora, zimeegemea ukuta nyuma ya kochi, tangu Juni.

Jumapili, 7 Januari

Naeleza habari ya kadi, kwa sababu bila hiyo daftari hili halieleweki.

Mshahara wangu ni 800,000. Ukitoa kodi, mchango wa pensheni wa PSSSF, bima ya afya na ada ya chama, zinabaki kama 652,000. Benki ikichukua chake, 392,000. Sheria inataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato, na kwenye karatasi yangu ya mshahara nimebaki na karibu nusu. Ofisa yeyote akiitazama ataona mwalimu asiye na shida.

Karatasi haioni kwamba kadi yangu ya benki haiko kwangu. Iko kwa mkopeshaji wa kausha damu, pamoja na namba ya siri. Ndiyo dhamana aliyotaka. Mshahara ukitoka, kabla sijapata ujumbe kwenye simu, yeye yuko kwenye foleni ya ATM na bunda la kadi lililofungwa kwa mpira. Anatoa, anakata 150,000 yake, ananipigia nikachukue 242,000. Nimesimama kwenye kibaraza chake na walimu ninaowafahamu, na mama mmoja muuguzi, kila mmoja akiangalia simu yake ili asimwangalie mwenzake.

Nimekwisha kumpa 150,000 mara sita. Ni 900,000. Ninadaiwa 600,000 ile ile.

Na mkataba niliosaini hauna neno mkopo. Unasema nimemuuzia friji na televisheni.

Nimelelewa Ngamiani, nimesoma madrasa kabla ya kusoma shule. Riba naijua ni nini na imesemwaje. Hili ndilo linaloniuma kuliko hesabu, na nitaliandika mara hii moja tu.

Ijumaa, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi, hakuna shule. Mtoto wa dada yangu anasoma sheria Dar, nikampigia kumuuliza kama mtu wa kawaida anaweza kutangaza kufilisika akaanza upya. Akaniambia sheria ipo, Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25. Akanikumbusha kwamba RITA, tunayoijua kwa vyeti vya kuzaliwa, kirefu chake ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kufilisika kumo ndani ya jina lake. Lakini ni shauri la mahakamani. Mali yako inatoka mikononi mwako na kuwekwa chini ya msimamizi ili igawanywe kwa wanaokudai, na hadhi ya mfilisika inakuandama mpaka mahakama ikuondolee. Huwezi hata kuwa mkurugenzi wa kampuni.

"Mama mdogo," akasema, "kwa milioni mbili utatumia zaidi kwa wakili. Na kitu cha kwanza kitakachogawanywa ni hicho kiwanja."

Basi. Njia hiyo nimeiacha. Nitalipa yote, nikiwa na kiwanja changu.

Jumapili, 14 Januari

Nimemwambia mume wangu.

Alijua ya benki, kikoba na mwalimu. Ya kadi hakujua. Nilikuwa nikimwambia foleni za ATM zinanichosha kwa hiyo natoa mara moja kwa mwezi, na yeye ni dereva wa daladala wa deiwaka, wa kulipwa kwa siku, anaondoka alfajiri anarudi usiku, hakuwa na sababu ya kuchunguza. Nilimpa daftari asome mwenyewe kwa sababu sikuweza kuyasema. Alisoma, akarudi kwenye mstari wa pili, akakaa nao.

Hakugomba. Aliuliza, "Tangu Juni?" Nikasema tangu Juni. Akatoka nje akakaa barazani mpaka isha. Aliporudi aliangalia zile bati nyuma ya kochi, akasema, "Hizi ni shilingi ngapi leo?"

Mimi sikuwa nimeziwaza. Kwangu bati zilikuwa nyumba. Usiku kucha niliwaza kama ni haki kuuza paa ili nirudishiwe kadi. Asubuhi nilipiga hesabu: nikizishikilia mwaka mmoja, nitakuwa nimemlipa yule bwana 1,800,000 za riba. Ni bati 66 kwa bei niliyonunulia. Nina bati 42 sebuleni na kila mwaka ninachoma 66.

Jumatano, 24 Januari

Mshahara umetoka. Kachukua 150,000 yake ya saba.

Jumamosi, 27 Januari

Nimeuza bati 30 kwa 20,000 moja. Nimepoteza 7,000 kwa kila bati na sitajidanganya kuwa haikuniuma. Mnunuzi ni fundi anayejenga Duga, alikuja na guta, watoto wakasaidia kutoa. Zimebaki 12.

Saa kumi tukaenda kwa mkopeshaji: mimi, mume wangu, na mwenyekiti wa mtaa wetu, mzee wa makamo ambaye nilikwenda kwake jana, nikamwamkia na kumweleza bila kuficha. Niliogopa atanidharau. Alisema tu, "Mwalimu, dawa ya deni kulipa. Lakini ulipe mbele ya watu."

Pesa zikahesabiwa. Mkopeshaji akasema mwezi mpya umeshaingia, kwa hiyo iongezwe 150,000 nyingine. Hapo ndipo nilipomuuliza, kwa sauti ya kawaida, kama ana leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha watu kama biashara anatakiwa awe na leseni, hata akiwa mtu mmoja mwenye meza moja, na Benki Kuu ndiyo inayosimamia. Alinyamaza. Akasema, "Mwalimu, wewe si mtu wa kufikia huko." Mwenyekiti akasema hatujafika popote, tunauliza tu. Riba ya mwezi mpya ikafutwa.

Nikapewa kadi yangu, na mkataba wa friji na televisheni ukachanwa mbele yetu. Mwenyekiti akaandika karatasi ya kwamba deni limekwisha, wote wanne tukasaini. Kutoka hapo tulikwenda moja kwa moja kwenye ATM nikabadili namba ya siri. Mikono ilikuwa inatetemeka nikakosea mara mbili.

Kuna watakaosema ningekwenda benki, nikatangaza kadi imepotea, nikapewa mpya, nikamwacha na plastiki. Mwalimu mmoja alifanya hivyo. Kwangu, 600,000 ni pesa yake nilikula, na nilitaka jambo hili liishe kiasi kwamba nikimkuta sokoni Mgandini nimsalimie nikaendelea kuchagua nyanya.

Deni sasa: 1,413,000, mbali na benki.

Jumamosi, 24 Februari

Mshahara wa kwanza nilioutoa mwenyewe tangu Juni. 392,000 mkononi.

Hapa tumeweka sharti moja la mradi mzima, nalo nalieleza vizuri kwa sababu ndilo linalofanya kazi. Kwa miezi saba tuliishi kwa 242,000 yangu na kile anachopata mume wangu. Tulikuwa tumeshazoea kwa kulazimishwa. Basi tunaendelea kuishi kwa 242,000 ile ile, na ile 150,000 bado ni ya wadai, ila sasa kila shilingi yake inapunguza kitu. Sikutafuta pesa mpya. Nimeielekeza ile iliyokuwa ikipotea.

Mwezi huu: mkopo wa laini umefikia 89,000 pamoja na ada, nimeumaliza. Huu ulikuwa mdogo lakini msumbufu: dada yangu alinitumia 50,000 Desemba ya dawa ya mama, ikamezwa yote pale pale ilipoingia. Dukani 30,000. Kikoba 30,000.

Kikobani nilisimama nikaomba. Tuko wanawake 24, tunakutana Ngamiani Jumapili baada ya alasiri. Nilikuwa nimekosa vikao vitatu kwa aibu. Niliwaambia nitaleta kila mwezi, kidogo, bila kukosa, na nikaomba faini isimame. Wengine hawakupenda. Mama mmoja alisema pesa ile ni ya wote na mwaka unavunjwa Desemba, je nisipomaliza? Swali la haki. Tukakubaliana kitakachobaki Desemba kikatwe kwenye hisa zangu.

Nimerudi kwenye baiskeli pia. Kwenda na kurudi shule kwa bodaboda ni 2,000. Huu ni mji wa baiskeli, sijui nilianza lini kuona kwamba mwalimu haendeshi.

Jumatatu, 11 Machi

Ile programu ya simu. Nimechelewa siku tisa. Leo mwalimu mkuu ameniita ofisini akanionyesha ujumbe uliotumwa kwake: jina langu, picha yangu, na maneno kwamba mimi ni mwizi na yeye ni mdhamini wangu. Hajawahi kunidhamini. Wameupata mpaka mzazi wa mwanafunzi wangu na fundi wa mbao. Nilipopakua niliruhusu isome majina yote ya simuni. Nilibonyeza "kubali" kama tunavyobonyeza wote.

Mwalimu mkuu alikuwa muungwana, alifunga mlango kwanza. Nimekaa chooni dakika kumi kabla ya kuingia darasa la nne.

Baadaye nimeambiwa kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake, na kwamba kumtangaza mdaiwa kwa watu wasiohusika ni jambo la kulalamikiwa. Nimehifadhi picha za ujumbe wote. Kwanza nataka niwamalize.

Jumatatu, 25 Machi

Nimewamaliza: 131,000, ilikuwa 112,000 mwaka ulipoanza. Nimefuta akaunti, kisha nimeifuta programu yenyewe. Kikoba 30,000. Nimezidi ile 150,000 kwa 11,000, zimetoka kwenye kaimati.

Ni Ramadhani. Kuanzia siku ya pili ninakaanga kaimati na kumimina mikate baada ya kutoka shule, mwanangu mkubwa anauza barazani saa kumi na moja.

Jumamosi, 13 Aprili

Idi ilikuwa Jumatano. Biashara ya barazani imeacha 74,000 baada ya unga, sukari, mafuta na mkaa. Ukiondoa ile 11,000, nyingine yote imekuwa nguo za watoto. Sisi wawili tumevaa za mwaka jana.

Jumatatu, 6 Mei

Masika ya mwaka huu ni makali. Mwisho wa wiki redio ilikuwa ikirudia habari za Kimbunga Hidaya, wavuvi wakaambiwa wasitoke. Leo nimekwenda Pongwe. Ukuta wa upande wa jikoni umeanguka kozi nne, tofali zimelala kwenye matope. Mbao tulizofunika kwa turubai zimepona, ila chache za chini zimeoza ncha.

Nimesimama pale nikijiuliza. Kama nisingeuza bati? Zingekuwa bado sebuleni, maana mbao zilikuwa pungufu na riba ilikuwa inakula pesa ya mbao. Ukuta ungeanguka vile vile. Nimeokota tofali nzima nikazipanga.

Dukani nilimaliza mwezi uliopita. Mwenye duka alifuta jina langu kwa mistari miwili na rula.

Jumapili, 23 Juni

Harusi. Hili limekuwa gumu kuliko kimbunga.

Binti wa mjomba anaolewa. Kamati ya familia ilifungua kundi la WhatsApp mwezi wa nne na kila mtu akapangiwa. Mimi, mtumishi wa serikali, nikapangiwa 100,000, na sare 45,000. Kila jioni orodha inarushwa upya, waliotoa wana alama ya tiki, wasiotoa wako chini. Nilikuwa chini wiki sita.

Kwa miaka nimetoa. Ukipekua madeni yangu ya zamani, yale niliyolipa kabla ya daftari hili, mengi yalianza na ahadi ya mchango niliyoiandika haraka ili nisiwe wa mwisho kwenye orodha. Kukopa harusi, kulipa matanga. Wazee waliisema wakiwa wanajua shughuli zetu za Pwani zilivyo.

Nilikwenda kwa shangazi, mwenyekiti wa kamati, nikakaa kwenye mkeka wake. "Shangazi, ninadaiwa. Nina 10,000 na mikono miwili. Sitavaa sare. Nipangie kazi." Alinitazama muda. Nilijua atasema ninawaaibisha. Akaniuliza ninadaiwa shilingi ngapi, nikamwambia. Akasema, "Na mimi nilidhani ni wewe peke yako uliyenyamaza." Kumbe watu watatu wa ukoo walikuwa wamekwenda kwake kabla yangu, kila mmoja kwa siri.

Nimepika pilau la watu mia mbili tangu usiku wa manane, macho yamevimba kwa moshi. Nilikuwa na dera la nyumbani wakati wenzangu wamevaa sare. Wapo walioniangalia. Bibi harusi alikuja jikoni akanikumbatia na mafuta yangu yote.

Jumamosi, 20 Julai

Nimekopa tena. Naandika.

Gari anayoendesha mume wangu iko gereji wiki ya tatu, na deiwaka asipoendesha halipwi. Kodi ya nyumba hulipa yeye. Jumanne ilibaki 3,000 ndani, simu ikaita ujumbe: umefuzu kukopa. Hakuna aliyewahi kunitumia ujumbe wa fadhili saa ile hasa ninayohitaji kama hawa watu wa mikopo. Nilichukua 40,000, kupitia laini, nikakaa na simu mkononi nikihisi nimerudi kwenye kile kibaraza.

Tofauti na mwaka jana ni kwamba nilimwambia mume wangu usiku ule ule, na imeandikwa hapa. Kikoba mwezi huu nitapeleka 30,000 tu, mwalimu mwenzangu nimemwomba anivumilie.

Jumapili, 25 Agosti

Mkopo wa laini umelipwa, 44,000, na nimejiondoa kabisa kwenye huduma. Inawezekana kwenye menyu ile ile unayokopea, ila imewekwa mwisho kabisa. Gari imetoka gereji. Kikoba 50,000, mwalimu 56,000.

Jumatano, 25 Septemba

Nimemaliza 400,000 ya mwalimu mwenzangu. Mwaka mzima hakuniuliza hata mara moja, na mwaka mzima nilikuwa nikipita mlango wa nyuma ofisini. Nilipompa zile 104,000 za mwisho alizihesabu, akaandika kwenye kidaftari chake. Kumbe na yeye ana daftari. Akasema binti yake anaingia chuo Oktoba na alikuwa hajui atauliza vipi. Nimejisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Angeniuliza Juni ningempa kabla ya wengine. Ukimya wa mdai si msamaha, nami niliuchukua kuwa msamaha.

Jumamosi, 26 Oktoba

Ofisa mikopo wa benki nyingine amekuja shuleni wakati wa chai. Wanataka kununua deni langu: wao walipe baki ya kule, nianze upya kwao, na nipewe milioni tatu na kitu mkononi siku hiyo hiyo. Makato yatabaki karibu yale yale. Nilimuuliza kwa miezi mingapi. 84.

Mimi nimebakiza 21. Milioni tatu ni paa, mbao, na plasta ya chumba kimoja. Usiku tuliongea mpaka saa sita. Mume wangu alikuwa anataka, na sikumlaumu, amechoka kulipa kodi ya nyumba ya mtu. Tulichofanya ni kuandika 260,000 mara miezi 63 ya nyongeza. Ni 16,380,000. Alifunga daftari mwenyewe.

Kikoba leo 150,000 nzima.

Jumamosi, 23 Novemba

Benki Kuu wiki hii imetoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Nimeisoma yote. Niliyoikopa imo. Nimeibandika orodha kwenye ubao wa ofisi ya walimu, na walimu wawili wamenifuata kwa nyakati tofauti kuniuliza nilifanyaje nikatoka. Mmoja kadi yake iko kwenye kile kibaraza. Jumamosi ijayo nitakwenda naye na mwenyekiti.

Jumamosi, 14 Desemba

Kikoba kimevunjwa. Hisa zangu na faida: 286,000. Deni lililobaki: 94,000. Nimepewa 192,000 mbele ya wote 24. Yule mama aliyeuliza lile swali Februari ndiye aliyenihesabia.

Imebaki benki peke yake.

Jumanne, 25 Machi 2025

Ramadhani tena, kaimati tena. Benki imebaki miezi 16, na ile 150,000 tumekubaliana iendelee kutoka kana kwamba bado tunadaiwa. Januari ilikuwa mbao, Februari saruji ya kunyanyua ukuta ulioanguka. Leo nimenunua bati tano kwa fedha taslimu, nikapewa risiti. Tumezisimamisha nyuma ya kochi pamoja na zile 12. Mwanangu wa mwisho amezihesabu kwa kidole mpaka 17, kisha akaniuliza zote zinatakiwa ngapi.